Moyo unajua kujikinga, lakini saa zake ni chache



Tangu nimalize masomo ya udaktari, swali moja linanirudia mara mingi hapa Butembo: "Muganga, nilipanda mlima kifua kikanibana. Nikapumzika, kikaachia. Basi imepona, si ndiyo?" Apana, haiyapona. Lakini nyuma ya maumivu hayo kuna jambo moja la ajabu, tulielewe pamoja.

Moyo unapiga karibu mara 100,000 kwa siku. Unasukuma damu ya mwili mzima, lakini wenyewe unalishwa na mishipa midogo iliyo juu yake. Mshipa mmoja ukiziba, nyama ya fasi ile inakosa oksijeni. Ndani ya dakika moja tu inaacha kujikunja. Hiyo nayo ni kinga: kazi ikipungua, nguvu iliyobaki haiishi haraka.

Mwaka 1986, Murry, Jennings na Reimer wa Duke University, Marekani, walijaribu kwa mbwa. Walifunga mshipa dakika 5, wakaufungua dakika 5, mara 4. Kisha wakaufunga dakika 40. Mutu angefikiri moyo uliokwisha kuteswa vile utaumia zaidi. Ikawa kinyume: nyama iliyokufa ilikuwa robo tu ya ile ya mbwa ambao hawakutayarishwa.

Namna gani? Seli ikikosa oksijeni inatoa adenosini. Hiyo inapiga hodi kwenye ukuta wa seli, na ujumbe unafika hadi kwenye mitokondria, fasi nguvu inatengenezwa. Damu inaporudi ghafula, mitokondria inaweza kufungua tundu, na tundu likifunguka seli inakufa. Ujumbe ule unasaidia libaki limefungwa. Kinga hii inadumu saa 1 ao 2, inapotea, kisha inarudi kesho yake, kwa nguvu kidogo, siku 2 ao 3.

Sasa tushike hili vizuri. Katika majaribio yaleyale, mbwa wengine walifungwa mshipa saa 3. Hao, matayarisho hayakuwasaidia kitu. Ni kusema kinga inachelewesha kifo cha nyama, haizibui mshipa. Hata kwa watu, si rahisi kuitumia. Mwaka 2019, utafiti mkubwa wa Ulaya, wagonjwa zaidi ya 5,000, ulijaribu kubana mkono kwa mpira wa kupimia presha mbele ya kuzibua mshipa wa moyo. Haukupunguza vifo wala moyo kuchoka.

Kwetu Lubero, saa 3 zinaisha haraka sana: matope njiani, pikipiki haipatikani usiku, usalama mdogo. Ndiyo maana naomba mupeleke ujumbe huu nyumbani. Mzee anayebanwa kifua akitembea na kuachiliwa akipumzika, asiseme ni gazi tu. Apimwe presha, sukari na moyo wakati bado ana nguvu ya kutembea. Na kifua kikibana zaidi ya dakika 10 bila kuachia, pamoja na jasho la baridi ao maumivu yanayoenda mkononi ao kwenye taya, musingoje asubuhi. Amusheni jirani mwenye pikipiki, muende hospitali.

Moyo unatupa muda kidogo. Kuutumia ni kazi yetu.