Muanda: Mto Congo wenyewe ndio unaokata nyaya za intaneti baharini

Tarehe 16 mwezi wa kwanza 2020, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari ya Atlantiki, WACS na SAT-3, zilikatika mbele ya mlango wa mto Congo. Hazikukatwa na nanga wala nyavu za wavuvi, ambazo ndizo sababu kubwa duniani. Zilikatwa na matope na mchanga.

Chini ya bahari, mbele ya Muanda, kuna korongo refu sana. Tofauti na mito mingi, korongo hilo linaanzia ndani ya mlango wa mto wenyewe, karibu kilometa 30 kabla ya kufika baharini. Mchanga ambao mto unabeba toka Katanga, Kisangani ao Kasai unaangukia humo moja kwa moja.

Wakaaji wa Kinshasa wanakumbuka mafuriko ya mwisho wa 2019. Wiki chache nyuma yake, wakati wa bamvua, matope yaliyorundikana yalibomoka na kuanza kuteremka. Yalisafiri zaidi ya kilometa 1,100, na badala ya kupunguza mwendo yaliuongeza, kutoka meta 5 kwa sekunde mpaka 8. Watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, walijua hayo kwa sababu vyombo vyao vya kupimia viling'olewa kimoja kimoja vikaelea juu.

Mwezi wa tatu waya ikakatika tena, wakati corona ilikuwa inafungia watu nyumbani. Tarehe 6 mwezi wa nane 2023, tena. Meli ya kutengeneza, Léon Thévenin, ilitoka Cape Town, na kazi ikachukua karibu mwezi mzima: kuvua ncha za waya kwa ndoano, kuzipandisha melini, kuunga nyuzi za kioo moja moja.

Kuhama si rahisi. Waya inayofuata pwani toka Ulaya kwenda Afrika Kusini lazima ivuke korongo hilo mahali fulani.

Lakini mto unatoa taarifa mapema. Mwezi wa kwanza 2024 maji yalipanda Kinshasa karibu kufikia kipimo cha 1961. Kampuni zinazouza intaneti zingefaa kusoma kipimo hicho kila siku, na kutafuta njia ya akiba maji yakianza kupanda.