Dirisha la Pili

Ndugu wafanyakazi, sisi tuliokulia katika kambi za mashamba makubwa tunaijua amri ya kwanza ya kambi: nyumba si yako. Unaweza kulala humo miaka ishirini, ukazaa humo na kuuguza humo, lakini ukitaka kubadili kitu lazima kwanza ukamwombe msimamizi. Katika shamba la chai nilikoanza kazi nikiwa kijana, mwenzetu mmoja alitoboa dirisha la pili kwa sababu moshi wa jiko ulikuwa ukimkohoza mtoto wake. Wiki haikuisha, akaamriwa alizibe, kwa matofali ya kununua mwenyewe. Akaliziba. Angekwenda wapi?

Nimemkumbuka mwenzetu huyo kwa ajili ya kesi moja ya Afrika Kusini, ambayo ndani yake nako lilikuwamo dirisha la pili.

Kesi hiyo huitwa Daniels dhidi ya Scribante. Mama mmoja alikuwa akiishi na watoto wake katika nyumba ya shamba karibu na Stellenbosch, sehemu ya mizabibu na mvinyo. Alitaka kusawazisha sakafu, kutandika matofali sehemu ya nje, kuingiza maji ndani ya nyumba, na kuweka beseni la kunawia, dirisha la pili na dari. Fedha zilikuwa zake mwenyewe. Upande wa shamba ukamwambia asimamishe kazi, kwa kuwa hakupewa ruhusa.

Hapa yafaa tukumbuke jinsi watu wale walivyofika kuishi kwa ruhusa ya mwingine. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 iliwatengea Waafrika kama asilimia 7 tu ya nchi, na mwaka 1936 ikaongezwa kufika kama 13. Kwingineko hawakuruhusiwa kununua. Basi wengi wakawa wanakaa katika mashamba ya Wazungu, leo wapo, kesho wamefukuzwa. Baada ya utawala wa ubaguzi kuanguka mwaka 1994, ilitungwa sheria ya mwaka 1997 ya kuwalinda watu hao. Sheria hiyo inakataza kumwondoa mkaaji bila amri ya mahakama. Mzee aliyetimiza miaka 60 na kukaa shambani miaka 10 analindwa zaidi. Tena inataja wazi haki ya mkaaji ya kuheshimiwa utu wake. Lakini haikusema neno juu ya sakafu wala dari.

Mama yule akashindwa kwa hakimu. Akashindwa tena katika Mahakama ya Madai ya Ardhi. Mahakama Kuu ya Rufani haikukubali hata kumsikiliza. Wengi wetu tungekuwa tumekwisha rudi nyumbani zamani. Yeye akaenda Mahakama ya Katiba, na tarehe 11 Mei 2017 akashinda.

Upande wa shamba haukubisha kwamba nyumba ile, kwa hali iliyokuwa nayo, ilivunja utu wa mtu. Walichosema ni kwamba sheria inampa mkaaji haki ya kukaa, si haki ya kutengeneza. Wakaongeza kwamba siku akiondolewa, korti huenda ikawaamuru wamlipe fidia kwa alivyojenga, na hivyo watakuwa wametwishwa gharama wasiyoitaka.

Jaji Madlanga, aliyeandika hukumu, alikataa hoja hizo. Kukaa mahali si kuwa na paa juu ya kichwa tu. Nyumba iwe ya kukalika na binadamu. Kama neno la mwenye shamba ndilo la mwisho, basi anaweza kuiacha nyumba ichakae mpaka mkaaji akimbie mwenyewe, na ile amri ya mahakama ya kumwondoa haitahitajika tena. Njia hiyo tunaifahamu sana.

Lakini ndugu zangu, msishike nyundo kesho asubuhi. Mahakama haikusema kila mtu ajenge apendavyo. Iliamua juu ya matengenezo ya kuifanya nyumba imfae binadamu, si juu ya kuongeza jumba. Ruhusa si lazima, ila mazungumzo ya kweli na mwenye shamba ni lazima: mafundi waje saa ngapi, wapite wapi, ramani kama inahitajika. Wakishindwana, warudi kwa hakimu.

Tena sheria ile ni ya Afrika Kusini, haivuki mpaka. Katika kambi zetu nyingi nyumba imefungwa pamoja na kazi. Kazi ikiisha, mzigo nje. Kwa hiyo sisi pa kuanzia ni katika mkataba wa chama na mwajiri. Iandikwe nani anatengeneza paa linalovuja na kwa muda gani, na asipotengeneza, mfanyakazi aweze kutengeneza na kurudishiwa fedha. Na wewe unayenunua saruji, tunza stakabadhi. Maneno ya mdomo ya msimamizi huondoka naye akihamishwa.

Katika mkutano wetu wa tawi mzee mmoja, mchuma chai, alisimama akauliza: mabati niliyonunua mimi, siku ya kustaafu nitayang'oa au nitayaacha? Katibu akaufungua mkataba, akaupitia mpaka mwisho. Hamna mstari hata mmoja juu ya jambo hilo.