Ndege Wageni wa Vuli na Majina Yao katika Kiswahili

Neno vuli limekuwa na maana mbili katika maandishi ya Kiswahili. Kwa wakulima wetu ni mvua fupi zinyeshazo kati ya Oktoba na Disemba. Kwa wafasiri wa vitabu vya nchi za baridi ni majira ambayo miti hupukutisha majani. Mwanafunzi hutatizwa na jambo hili, kwa kuwa maana moja ni ya kuota na ya pili ni ya kupukutika. Walakini wako viumbe waishio maana zote mbili katika mwaka mmoja, nao ni ndege waondokao Ulaya na Asia majani yanapoanguka, wakafika Afrika ya Mashariki mvua zinapoanza kuotesha nyasi.

Nia ya makala haya ni kueleza jinsi ndege hao wanavyotazamwa, yupi kati yao astahili kuitwa nadra, na lugha yetu imewapa au imewanyima majina gani. Nitajaribu kuonyesha kwamba ndege asiye na jina ni shida kumtazama na ni shida zaidi kumwandika, na kwamba majina tuliyo nayo yako katika hatari ya kupotea kabla hayajaelezwa sawasawa.

I. Safari yenyewe

Yakadiriwa kwamba ndege wadogo wapatao bilioni 2 huondoka Ulaya kila mwaka, wakavuka jangwa la Sahara. Wanaotufikia sisi wa upande wa mashariki aghalabu hutoka Ulaya ya mashariki, Urusi na Asia. Hupitia Bara Arabu na Pembe ya Afrika, hushuka hadi Kenya na Tanzania, na wengi wao huendelea kusini. Hawakimbii baridi peke yake. Wengi wao hula wadudu, na wadudu hutoweka huko kaskazini mchana unapokuwa mfupi. Kupungua kwa mchana ndiko kunakouamsha mwili wa ndege ujiandae. Naye hula kwa pupa na kuweka mafuta chini ya ngozi, na mafuta hayo ndiyo masurufu yake ya njiani.

Mifano miwili yatosha kuonyesha tofauti za safari hizi. Wa kwanza ni kozi wa Amur, ndege mdogo wa jamii ya kozi, azaliwaye Siberia ya mashariki na kaskazini mwa China. Hupita India, huvuka Bahari ya Hindi, na mwisho wa Novemba na mwezi wa Disemba huonekana kwetu akifuata mawingu ya mvua. Kumbikumbi wanaporuka baada ya mvua, kozi hawa huwanasa na kuwala wakiwa angani, kisha huendelea na safari yao kwenda kusini mwa Afrika.

Wa pili ni ndege wa pwani ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi, na chakula chake kikubwa ni kaa. Huzalia katika visiwa na fukwe za Ghuba, Omani na Bahari ya Shamu, akichimba shimo mchangani na kutaga humo, jambo ambalo ndege wengine wa jamii ya fukweni hawalifanyi. Baada ya kuzaa hushuka mpaka pwani yetu, na katika hori ya Mida, karibu na Watamu, watazamaji humwona kwa makundi. Maji ambayo majahazi ya Omani na Ghuba yaliyavuka kwa kaskazi, yeye huyavuka kwa mbawa zake.

II. Ni yupi aliye nadra?

Katika miaka yangu ya masomo Ulaya niliwaona watu wazima wakisimama pwani katika baridi ya Novemba, darubini mkononi, wakimngoja ndege mmoja aliyepotea njia. Pepo za mashariki zivumapo, huweza kufika Uingereza ndege mdogo wa Siberia ambaye wenzake wote wamekwenda kusini-mashariki mwa Asia. Ndege huyo kwao si nadra. Amekuwa nadra kwa kufika mahali asipotazamiwa.

Basi yatupasa kutenga maana tatu za neno nadra. Kuna unadra wa mahali, kama huo wa ndege aliyepotea. Kuna unadra wa idadi, yaani ndege ambaye wamebaki wachache duniani. Na kuna unadra wa kudhaniwa, pale ndege anapopita kwa maelfu ilhali hapana mtu aliyemtambua. Maana hii ya tatu ndiyo ituhusuyo sana sisi wa lugha, na ushahidi wake bora wapatikana Ngulia.

III. Ushahidi wa Ngulia

Hoteli ya Ngulia, katika Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, ilifunguliwa mwaka 1969. Taa kali ziliwekwa ili wageni wapate kuona wanyama usiku. Lakini katika usiku wa Novemba na Disemba usio na mbalamwezi, ukungu hushuka juu ya mlima, na ndege wasafirio usiku huvutwa na mwanga wa taa hizo. Tangu mwaka huo wa 1969 wataalamu na wasaidizi wao, wakiongozwa kwa miaka mingi na Graeme Backhurst na David Pearson, wamekuwa wakiwanasa ndege hao kwa nyavu laini, wakiwapima, wakiwavisha mguuni pete nyepesi yenye nambari, na kuwaachilia. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ya kuku humjulisha ugeni wake, na pete ya ndege hujulisha alikotoka au alikopita. Ndege waliovishwa pete Ngulia wamepita laki 2, na baadhi yao wamepatikana tena Urusi na katika nchi za Mashariki ya Kati.

Miongoni mwa wanaonaswa kwa wingi yumo ndege mdogo wa rangi ya majani makavu, Acrocephalus palustris, mwenye uzito wa gramu 12 hivi. Kabla ya kazi ya Ngulia, ni watu wachache waliojua kwamba hupita Afrika ya Mashariki kwa wingi namna ile. Hupita usiku, na mchana hujificha vichakani. Huo ndio unadra wa kudhaniwa.

Jamaa yake, Acrocephalus griseldis, ni nadra kweli kwa idadi. Huzaa zaidi katika mabwawa ya matete ya kusini mwa Iraki. Mabwawa hayo yalikaushwa kwa sehemu kubwa katika miaka ya 1990, na maji yakarudishwa kwa sehemu baada ya mwaka 2003. Kila mmoja wa ndege hao anaswaye Ngulia ni habari kutoka Iraki. Walakini mtu asiyeweza kumtenga na yule wa kwanza, ambaye wafanana sana, hawezi kuipokea habari hiyo. Kumjua aliye wa kawaida ndio mlango wa kumjua aliye nadra.

Ndege huyo wa kwanza ana jambo lingine limpasalo mwanaisimu. Mwaka 1979 Françoise Dowsett-Lemaire alichapisha uchunguzi wa nyimbo zake alioufanya Ubelgiji. Aliona kwamba dume mmoja huiga kwa wastani sauti za aina 76 za ndege wengine, na kwamba zaidi ya nusu yao ni ndege wa Afrika. Kwa jumla alihesabu aina 212 zilizoigwa, na 113 kati yake ni za Afrika. Ndege huyu hujifunza katika mwaka wake wa kwanza, kwao na safarini, kisha hurudi Ulaya akiimba aliyoyasikia kwetu. Sisi twaifahamu kazi ya namna hii. Maneno ya Kiarabu, ya Kiajemi, ya Kihindi na ya Kireno yaliyomo katika Kiswahili yatuonyesha ni watu gani waliokutana bandarini. Vivyo hivyo mtafiti yule aliweza kukisia njia ya ndege kutokana na sauti alizozikopa.

IV. Majina yetu

Kiswahili si maskini wa majina ya ndege, na njia zake za kuyaunda zaonekana wazi. Yako majina yaigayo sauti, na keremkerem yaelekea kuwa mmojawapo. Yako ya kuambatanisha kitendo na jina, kama chekeamwezi, ndege aliaye usiku, na mpasuasanda, ambalo hutaja kupasuliwa kwa sanda na hivyo hubeba hofu ya mauti. Yako pia yatajayo atokako ndege: njiwa manga ni njiwa wa Arabuni, na bata bukini ni bata wa Bukini, yaani Madagaska. Twaona basi kwamba lugha ilikuwa na desturi ya kumtambua mgeni kwa nchi yake zamani sana kabla ya pete.

Lakini majina haya hayakugawanywa sawasawa. Yamejaa kwa ndege wa uani, wa mtego, wa ufukweni na wa ndege mbaya. Mvuvi amjua sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda, kwa kuwa hushiriki naye mchanga wakati wa maji kupwa. Yule mdogo wa vichakani, hata akipita kwa maelfu, huitwa kidege tu. Na mahali pengine jina moja hufunika wengi: katika maongezi ya kila siku mbayuwayu huwa jina la kila ndege mwenye mbawa kama mundu akimbiaye angani, ilhali wataalamu huona humo jamii mbili zisizo na udugu wa karibu.

Kamusi hazikutusaidia vya kutosha. Mwaka 1939 zilitoka mbili kubwa, ya Frederick Johnson na ya Charles Sacleux, na mwaka 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Zote zastahili shukrani. Hata hivyo, mara nyingi msomaji aliyetaka kujua ni ndege gani huambiwa kwamba ni aina ya ndege, na habari ikaishia hapo. Jambo moja ni adimu zaidi ya yote, nalo ni majira. Ni shida kukuta imeandikwa kama ndege huyo huonekana mwaka mzima au huja na kaskazi na kuondoka nayo, ingawa swali hilo moja lingetosha kuwatenga wageni na wenyeji.

V. Namna ya kukusanya

Wako wanaotaka kuziba pengo hili kwa kutafsiri majina ya Kizungu neno kwa neno. Mimi naona tungoje kidogo. Jina la kutafsiriwa huweza kulifukuza jina la kale lililo hai Lamu, Pemba au Kilwa, nasi tusijue kwamba tumelifukuza. Ni bora kwanza kuuliza, na kuuliza kwa taratibu. Mkusanyaji na aandike mahali, tarehe na lahaja, aandike maelezo ya mwenye kusema kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na sauti ya ndege kama anavyoiiga, aulize majira, na akimaliza ndipo aonyeshe picha. Picha ikitangulia, huvuta jibu. Kadhalika asifanye haraka kueleza asili ya jina. Sululu lakaribiana kwa sauti na sururu, chombo cha kuchimbia kilichopinda, lakini kukaribiana si ushahidi wa udugu.

Pale itakapothibitika kwamba hapana jina, na liundwe kwa njia ambazo lugha imezizoea. Ndege wetu yule wa Ngulia ana mlango ulio wazi, kwa kuwa methali yasema ndege mwigo hana mazoea. Mwigo wa vuli lingekuwa jina lenye sauti ya Kiswahili, lenye kutaja tabia na majira yake. Nalitoa kama pendekezo, lisitumiwe kabla wazee wa Taita na wa pwani hawajaulizwa.

Wasomaji wetu wengi wakaa karibu na fukwe, mabwawa na mashamba. Katika vuli ijayo, akionekana ndege ambaye hakuwako mwezi uliopita, nawaomba wamwulize mvuvi au mkulima aliye karibu mambo matatu: aitwaje, huja lini, na huondoka lini. Majibu hayo, hata yakiwa ya kijiji kimoja, yaletwe yachapishwe kama yalivyosemwa.