Tumeifufua Pikipiki ya Baba

Pikipiki ilikuwa bandani, nyuma ya magunia. Kuku walitagia juu ya kiti chake. Baba aliiweka pale mwaka 1994. Alisema ataitengeneza akipata vipuri. Vipuri havikupatikana. Mwaka 2011 baba akafariki.

Mwaka 2023 mnunuzi wa chuma chakavu alipita kijijini na mzani wake. Kaka yangu akataka kuiuza pikipiki kwa kilo. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Aliniita akaniambia, "Mwanangu, nakupa muda mpaka tumalize kupukuchua mahindi. Ikinguruma, itabaki. Isiponguruma, kaka yako aiuze."

Msaidizi wangu alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada. Yeye anazijua pikipiki za siku hizi. Alipiga kiki mara moja. Kiki haikushuka. Akasema, "Mjomba, tuisukume mteremkoni. Tutie gia, itawaka tu."

Nilimkataza. Ndugu msomaji, kama tungefanya hivyo, pikipiki ile ingekwenda kwa mnunuzi wa chuma siku ileile. Nitaeleza kwa nini.

MASHINE YENYEWE

Pikipiki ya baba ni Yamaha AG 100. Herufi AG zinatokana na neno la Kiingereza la kilimo. Ilitengenezwa kwa watu wa mashambani. Ina kichanja cha mizigo mbele na kingine nyuma. Cheni yake imefunikwa yote, ili tope na mchanga visiingie. Silinda yake ni moja, ya ujazo wa cc 97. Baba alikuwa bwana mifugo. Alikwenda nayo kuchanja ng'ombe mahali ambapo gari halifiki.

Injini yake ni ya mipigo miwili. Pikipiki nyingi za siku hizi ni za mipigo minne. Katika injini ya mipigo minne, plagi hutoa moto mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Katika mipigo miwili, plagi hutoa moto kila mzunguko mmoja. Ndiyo sababu injini ndogo ya namna hii ina nguvu, na mlio wake ni wa haraka haraka. Wazee wanaukumbuka mlio huo.

Tofauti kubwa, hata hivyo, ni oili.

OILI MBILI, KAZI MBILI

Injini ya mipigo minne ina oili chini, ndani ya tumbo lake. Oili hiyo huzunguka na kulainisha vyuma vyote. Injini ya mipigo miwili haina oili hiyo chini ya pistoni. Petroli na hewa huingia kwanza katika tumbo hilo, chini ya pistoni. Hupita kwenye beringi za krenki. Halafu hupanda juu ya pistoni na kuungua. Kwa hiyo oili ya kulainisha lazima isafiri pamoja na petroli. Pasipo oili ndani ya petroli, chuma husuguana na chuma. Dakika chache zinatosha. Pistoni hupata moto, hutanuka, hunasa ndani ya silinda.

Watu wengine humwaga oili kwenye giaboksi, wakidhani wameilisha injini. Sivyo. Giaboksi ina oili yake, kwa ajili ya gia na klachi tu. Oili ile haifiki kwenye pistoni.

Zamani kila mtu alichanganya oili na petroli kwa mkono. Mwaka 1964 kampuni ya Yamaha ilileta pampu ndogo, ikaiita Autolube. Oili hukaa katika tangi lake peke yake. Pampu huitoa kidogo kidogo, kwa kufuata mwendo wa injini. Ya baba ina pampu hiyo. Ni kitu kizuri, lakini pampu iliyokaa bila kazi miaka 29 huwa imejaa hewa na oili iliyoganda. Haitoi kitu. Ukiisukuma pikipiki mteremkoni ikawaka, inawaka bila oili. Nawe utakuwa unafurahi na kupiga makofi, wakati injini inakufa.

NYIGU NA PANYA

Tulianza na mambo ya nje. Tuliitoa pikipiki uani, penye hewa, mbali na jiko. Petroli na moto havikai pamoja. Petroli ya zamani ilikuwa imekauka, ikabaki gundi ya rangi ya asali chini ya tangi. Hatukuigusa kwa mikono mitupu, wala hatukuvuta kitu kwa mdomo. Petroli ya miaka ile ilitiwa risasi, ambayo ni sumu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006.

Ndani ya chujio la hewa tulikuta kiota cha panya. Ndani ya bomba la moshi nyigu walikuwa wamejenga nyumba ya udongo. Nyuma ya udongo kulikuwa na masizi magumu kama lami. Jambo hili ni la kawaida kwa injini inayochoma oili. Masizi huziba njia ya moshi, na pikipiki hukosa nguvu. Tuliyakwangua kwa waya na bisibisi. Kazi hiyo ilituchukua siku nzima.

Kabureta tuliifungua juu ya sinia jeupe, ili vitu vidogo visipotee. Jeti zake zilizibwa na gundi. Jeti haichokolewi kwa waya wa chuma, maana tundu lake ni la kipimo. Likipanuka kidogo, kipimo cha petroli kimeharibika. Tulizilowesha, tukazipuliza kwa pampu ya baiskeli mpaka tukaona mwanga upande wa pili.

Breki nazo tulizifungua. Vumbi lake tulilifuta kwa kitambaa kibichi. Hatukulipuliza, kwa sababu breki nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi la asbesto huharibu mapafu.

PISTONI ILIYOGANDA

Kiki haikushuka kwa sababu pistoni iliganda kwa kutu. Tulitoa plagi. Tukamimina dizeli iliyochanganywa na oili, vikombe viwili vya kahawa. Tukaacha. Kila jioni mpwa wangu alisukuma kiki kwa mkono, taratibu, bila kuipanda kwa mguu. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Kaka yangu alipita akacheka. Siku ya tano kiki ilisogea upana wa kidole. Siku ya sita ilishuka yote.

Tulipoinua silinda tuliona kovu la kutu ukutani mwake. Ringi zilikuwa zimekwama katika mifereji yake. Hapo niliogopa kidogo. Kovu ambalo ukucha unalihisi haliondoki kwa msasa. Silinda lazima ichongwe, na pistoni kubwa zaidi iwekwe.

Pistoni hizo hutengenezwa kwa hatua: 0.25 mm zaidi, 0.50 mm zaidi, na kuendelea. Nunua pistoni kwanza, halafu ndipo umpelekee fundi silinda na pistoni pamoja. Fundi huipima pistoni iliyo mkononi, akachonga silinda ili nafasi kati yao iwe kama 0.04 mm. Nafasi hiyo ni nyembamba kuliko unywele. Ukichonga kwanza na pistoni ikakosekana dukani, umebaki na silinda isiyo na mwenzake. Kwa mashine ya zamani, vipuri ndivyo vinavyoamua. Sisi tulitafuta kwa simu karibu wiki mbili. Pistoni na kazi ya kuchonga vilimeza bei ya mbuzi wawili. Mbuzi walikuwa wangu, si wa mama.

Wakati wa kurudisha pistoni nilifanya kosa. Pini ya pistoni huzuiwa na klipi ndogo ya waya kila upande. Kabla ya kuzitia, unatakiwa kuziba mdomo wa tumbo la injini kwa kitambaa. Nilikijua kitambaa hicho, nikaona ni kuchelewa. Klipi ikaruka. Ikaingia tumboni. Kama tungeiacha humo, ingesaga beringi. Mpwa wangu hakusema neno. Alikwenda akavunja spika ya redio mbovu, akatoa sumaku, akaifunga kwa uzi. Tulivua kama wavuvi mpaka jua likazama. Klipi ikatoka.

Jambo jingine: mfereji wa ringi una kijiti kidogo. Ncha mbili za ringi lazima zikutane hapo. Zikikaa pengine zitajikwaa kwenye madirisha ya silinda, na ringi itavunjika. Na ule mshale juu ya pistoni huelekea upande wa bomba la moshi.

MPIRA UNAODHARAULIWA

Kila upande wa krenki kuna mpira wa mviringo wa kuzuia hewa na oili. Mafundi huuita sili. Pikipiki ikikaa miaka mingi, mpira huo hukauka na kupasuka. Hauonekani kwa nje, na wengi hawaushughulikii.

Sili ya upande wa magneti ikipasuka, injini hunyonya hewa ya ziada. Petroli hupungua katika mchanganyiko, na oili hupungua pamoja nayo. Injini hupandisha mwendo yenyewe, kisha hunasa. Sili ya upande wa giaboksi ikipasuka, injini hunywa oili ya giaboksi. Utaona moshi mzito mweupe usiokwisha, na oili ya giaboksi inapungua wakati chini hakuna tone. Tulizibadilisha zote mbili. Bei yake ni ndogo mno kuliko ya pistoni. Kazi yenyewe inataka kifaa cha kuvutia magneti. Magneti haipigwi nyundo. Tuliazima kifaa hicho mjini, tukakirudisha kesho yake.

Cheche ilikuwa kazi rahisi. Platini zilikuwa na ukungu wa kijani. Tulizisafisha kwa msasa laini, tukapima nafasi yake, kati ya 0.3 na 0.4 mm. Plagi mpya tuliiegemeza kwenye chuma cha silinda na kupiga kiki. Ikatoa cheche ya buluu. Mpwa wangu akapiga kelele, na mama akadhani mtu ameumia.

SIKU YA KUIWASHA

Mahindi yalibaki magunia manne tu. Tulifungua skrubu ndogo ya pampu ya oili, tukaacha oili itiririke mpaka mapovu yakaisha. Hata hivyo hatukuiamini pampu moja kwa moja. Tulichanganya pia oili katika petroli: lita moja ya petroli, mililita 40 za oili ya mipigo miwili. Tulipima kwa bomba jipya la sindano, bila sindano yenyewe. Ukichanganya na huku pampu inafanya kazi, moshi utazidi. Moshi unavumilika kwa tangi la kwanza. Injini isiyo na oili haivumiliki.

Kiki ya tisa iliwasha. Ua mzima ukajaa moshi wa buluu. Majirani wakaja mbio. Kaka naye akaja.

Lakini baada ya dakika mbili injini ilianza kupandisha mwendo yenyewe. Mpwa wangu alifurahi. Mimi nilizima mara moja. Tukatoa plagi. Ilikuwa nyeupe kama mfupa. Rangi hiyo maana yake ni joto kali na hewa nyingi mno. Watu walisema, "Washeni tena!" Hatukuwasha. Tulitafuta mpaka tukaona gasketi kati ya kabureta na injini imekunjamana. Hewa ilipita hapo. Mpwa wangu alikata nyingine kutoka karatasi ya gasketi, kwa mkasi wa shule.

Kesho yake tuliwasha tena. Injini ikatulia. Plagi ikatoka na rangi ya kahawa, ndiyo rangi inayotakiwa. Ingekuwa nyeusi na kulowa, oili au petroli imezidi. Sasa injini huwashwa kila Jumapili, nje, kamwe si bandani. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kumwua mtu ndani ya chumba.

Mama alitoka na ungo wa mahindi mkononi. Alisimama akasikiliza. Alisema, "Ndiyo hiyohiyo." Kisha akarudi kupukuchua. Kaka aliuliza kama kichanja cha nyuma kinaweza kubeba gunia.

Bado haijaenda barabarani. Kadi yake ina jina la baba, na mirathi haikufunguliwa tangu mwaka 2011. Tumekubaliana kikao cha ukoo kimteue msimamizi, kisha twende Mahakama ya Mwanzo athibitishwe. Ndipo kadi ibadilishwe jina, na bima ikatwe. Kuku tumewajengea tagio jingine, lakini mmoja bado anarudi kwenye kiti kila asubuhi.