JE, WAJUA? Kuku na Jua la Kaskazi

Je, wajua kwamba kuku hatoi jasho? Ngozi yake haina tezi za jasho kabisa. Tena mwili wenyewe ni wa moto tangu mwanzo: nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi akiwa mzima, joto ambalo mtu akiwa nalo anakimbizwa hospitali. Kwa hiyo ukimwona saa nane mchana ameachama, anatweta, mabawa kayatenga na mbavu, usikimbilie kusema ni ugonjwa wa mdondo. Anajipoza. Unyevu wa kooni na kwenye mapafu unageuka mvuke, nao unaondoka na joto. Taabu ya pwani ni kwamba mwezi wa Februari hewa ya Tanga, Dar es Salaam na Mombasa imeshajaa mvuke wake yenyewe. Nyuzi 32 za Mombasa ni nzito kwa kuku kuliko nyuzi 32 za Dodoma, na wewe mwenyewe unazisikia shatini.

Je, wajua upanga wa kichwani si urembo tu? Damu yenye joto hupita pale, ikapoa kidogo, ikarudi mwilini. Ndevu zinazoning'inia hufanya kazi hiyohiyo, na miguu isiyo na manyoya pia. Ndiyo sababu Leghorn, kuku mweupe mwembamba mwenye asili ya Italia, ambaye upanga wa tetea wake ni mkubwa mpaka unalalia upande, hulistahimili jua. Brahma, lile pandikizi lenye manyoya mpaka vidoleni ambalo watu hutumiana picha zake, huteseka. Ni kuku wa kupendeza, sikatai. Mfuge Lushoto au Limuru.

Je, wajua kuwa kuku mwenye sura mbaya kuliko wote uani ndiye aliyevaa vizuri zaidi kwa hali ya hewa yetu? Namsema kishingo, yule wa shingo tupu nyekundu ambaye watoto humcheka na wanunuzi hudai wapunguziwe bei. Wapo wanaoapa kuwa ni chotara wa kuku na bata mzinga. Si kweli, ni kuku mtupu. Upara wake unatokana na jeni moja, na mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walieleza jinsi jeni hiyo inavyoyazuia manyoya kuota shingoni. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja ana manyoya pungufu kwa takriban asilimia 20 mwili mzima. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili, upungufu hukaribia asilimia 40.

Huhitaji maabara kuwatofautisha. Mtazame shingo kwa mbele: akiwa na kishungi kidogo cha manyoya karibu na gole, anayo jeni moja. Shingo ikiwa tupu kabisa, anazo mbili. Jogoo wa aina hii ya pili, umpandishie tetea yeyote umtakaye, vifaranga wote watatoka vishingo. Kwa bei ya jogoo mmoja umebadili kizazi kizima cha banda lako. Kunyonyoa kwake ni haraka pia, na lishe ambayo ingeishia kwenye manyoya inabaki kujenga nyama. Wafaransa hawamcheki: kuku wengi wa mashambani wa Landes, wanaouzwa ghali kwa nembo ya Label Rouge, ni vishingo. Sisi tunaye uani bure, tunamwona kituko.

Kidimu naye, mwenye manyoya yaliyojikunja kwa nje, hupitisha hewa vizuri. Bahati mbaya yake ni kwamba sehemu nyingi waganga humtaka kuliko wafugaji.

Na kuchi je? Yule mrefu wa miguu, mkavu wa mwili, kifua mbele, fahari ya Lamu. Uchunguzi wa vinasaba uliofanyiwa kuku wa Tanzania uliwakuta kuchi wana undugu na Shamo, kuku wa kupiganisha wa Japani. Umbo lake la miraba, lenye manyoya yaliyobana mwili, linafaa kwa joto. Ugomvi wake haufai kwa ua mdogo, na tetea wake si hodari wa kutaga. Wa kumfuga ni mwenye nafasi na mwenye moyo.

Je, wajua kuku si mwenyeji wa Afrika? Mwenyeji ni kanga. Babu wa kuku wote duniani ni kuku-mwitu mwekundu wa misitu ya Kusini-mashariki mwa Asia. Msitu ule una joto kweli, lakini una kivuli. Kuku hakuumbwa kwa ajili ya uwanja mtupu uliofagiliwa ukawa mweupe. Mwembe mmoja juu ya banda unashinda dawa zote za duka la mifugo, na mchanga mkavu chini yake ndio hamamu yao: wakijifukia humo wanapoa tumbo na kupunguza utitiri na viroboto.

Wajua chakula chenyewe kina moto? Tumbo likisaga, mwili hutoa joto, na joto hilo hupanda saa kadhaa baada ya kula. Kuku aliyeshiba saa nne asubuhi anabeba moto wa ndani na wa nje kwa pamoja saa nane mchana. Pumba na mahindi yapelekwe alfajiri, kisha tena jua likiinama. Mchana wape majani mabichi na maji.

Maji hasa. Kuku wa mayai hunywa kama robo lita kwa siku kukiwa na ubaridi. Kwenye joto kali hunywa mara mbili ya hapo au zaidi, ila si maji yoyote. Maji yaliyopata moto kwenye ndoo ya plastiki juani huyaonja akaondoka. Chungu cha udongo kivulini, maji yakibadilishwa mchana, kinatosha. Weka na beseni lenye maji ya kufika vidoleni, utawaona wakiingia wenyewe na kusimama humo.

Je, wajua kwa nini ganda la yai huwa jembamba miezi ya kaskazi? Wengi husema chokaa imepungua, wanaongeza maganda ya konokono, na bado yai linavunjika mkononi. Sababu ni kule kutweta. Kuku akihema kwa kasi hupoteza hewa ya kaboni kutoka kwenye damu, na hewa hiyo ni sehemu ya malighafi ya ganda. Chokaa anayo, kinachokosekana ni mwenzake. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapa Leghorn waliokuwa kwenye joto maji yenye gesi, yale yanayochemka kwa mapovu kama soda isiyo na sukari, na maganda yakawa bora. Sikushauri uwanunulie kuku soda. Kivuli ni rahisi zaidi.

Hili la vitamini C ni dogo lakini linafurahisha: kuku hujitengenezea mwenyewe kwenye figo, kazi ambayo binadamu haiwezi. Joto likizidi, anachotengeneza hakimtoshi.

Je, wajua yai lililorutubishwa linaweza kuanza kukua bila kuatamiwa? Joto la chumba likikaribia nyuzi 30, kiini huanza safari. Kwa kuwa halifiki zile nyuzi 37 na nusu za chini ya mama, safari inakwenda kwa kusuasua na kiinitete hudhoofika au kufa. Ndipo mtu anamlaumu koo kwa viza kumi na moja, kumbe mayai yalikaa wiki mbili juu ya kabati la jikoni. Ya kuatamisha yaokote mara mbili au tatu kwa siku, yaweke sehemu ya baridi kuliko zote nyumbani, na yasipite siku saba. Zikianza zile siku 21, yaliyobaki mwachie koo.

Banda lipangwe pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lipige ubavu mfupi. Makuti ni bora kuliko bati. Kama bati limeshapigwa, tandaza makuti juu yake. Kuta ziwe za wavu. Najua habari za wezi wa kuku mjini, lakini banda lililozibwa mabati pande zote kwa kuwaogopa ni tanuri, na kuku wanakufa humo bila mwizi kuhitajika. Wanaotangulia ni broila wazito wa wiki ya mwisho kabla ya kuuzwa, hasara inayouma kuliko zote.

Na vifaranga wa dukani je? Kuroiler alizalishwa India, Sasso anatoka Ufaransa, kuku wa KARI, iliyokuwa taasisi ya utafiti wa kilimo, ni wa Naivasha, Kenya. Kuroiler na Sasso wanafaa uani, ila fahamu kwamba ni chotara: ukiwazalisha mwenyewe watoto hawafanani na wazazi, na matetea wengi hawajui kuatamia. Kila msimu utarudi dukani.

Wajua kunguru wanaokwapua vifaranga pwani nzima si wa kwetu? Waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890 ili wasafishe taka. Tenga la kufunikia vifaranga bado ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote.

Je, wajua ndege hausikii ukali wa pilipili? Kipokezi cha neva kinachotuwasha sisi, kwa ndege hakiitikii. Ndiyo maana kuku hunywa maji ya pilipili na mshubiri ya bibi bila kukunja uso. Kunywa anakunywa, kupona mdondo haponi, maana mdondo hauna dawa. Ugonjwa huu ulizuka Newcastle, Uingereza, mwaka 1926, na kufikia 1935 ulikuwa umeshaonekana karibu na Mombasa. Kinga ni chanjo ya I-2, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na iliyochaguliwa makusudi kwa kuvumilia joto ili ifike vijijini bila mnyororo mrefu wa majokofu. Ni tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu, kwa kuku ambao bado ni wazima. Ndui nayo huletwa na mbu, na chanjo yake huchomwa kwenye ngozi ya bawa.

Ukienda kununua, nenda kwa mfugaji saa nane mchana, si asubuhi. Anayetweta wakati wenzake wanachakura, mwache. Uliyemchagua mfungie peke yake wiki mbili kabla ya kumchanganya na wa nyumbani, maana mdondo husafiri sana kwenye matenga ya sokoni.