Kosa 500 kwenye tovuti ya radio: namna ya kutafuta plagini yenye kuleta shida bila kupoteza habari

Familia iliyokimbia vita inafungua simu ili kujua saa na pahali chakula kitagawanywa. Radio ya mtaa iliweka tangazo hilo jana kwenye tovuti yake. Mega zilizobaki ni kidogo. Lakini pahali pa tangazo, wanakuta ukurasa mweupe wenye namba moja tu: 500.

Kwenye radio, watu wanaulizana nani aligusa nini. Mara nyingi jibu ni rahisi: jana jioni mtu mmoja alibonyeza kitufe ili kuweka toleo jipya la plagini, kiisha akaenda kulala.

Namba hiyo inasema nini?

Namba 404 inajulikana zaidi: ukurasa unaotafutwa hauonekani. Namba 500 ni tofauti. Seva, maana yake ordinateri inayohifadhi tovuti, imepokea ombi la msomaji, lakini imeshindwa kumaliza kazi. Haisemi ni kitu gani kimeharibika. Inasema tu kwamba shida iko ndani, haiko kwenye simu ya msomaji wala kwenye mega zake.

Radio, shule na mashirika ya kiraia mengi hutumia WordPress, programu ya bure iliyoanza mwaka 2003 na ambayo leo inaendesha zaidi ya 40 kwa mia ya tovuti zote duniani. Plagini ni vipande vya programu vinavyoongezwa juu yake: kimoja cha kusikiliza radio moja kwa moja, kingine cha ulinzi, kingine cha kupokea barua za wasikilizaji. Kwa wale wanaotumia WordPress kwa Kifaransa, ziko chini ya neno Extensions.

Kila plagini imeandikwa na watu tofauti. Ndiyo sababu siku ingine hazipatani. Inaweza pia kutokea kwamba kampuni inayohifadhi tovuti imebadilisha toleo la PHP, lugha ambayo WordPress imeandikwa nayo, na plagini ya zamani haiwezi kuifuata. PHP 8, iliyotoka mwaka 2020, iliondoa amri kadhaa ambazo plagini za zamani zilikuwa zinategemea. Sababu ingine ni connexion kukatika wakati mtu anapandisha faili kutoka kwake: nusu imefika, nusu imebaki.

Usifute kitu kwanza

Kosa kubwa ni kushikwa na woga na kufuta yote ili kuanza upya. Maandishi ya habari yako kwenye hifadhi ya data. Picha na sauti ziko ndani ya dosie inayoitwa uploads. Plagini ziko pembeni, kwenye dosie yao. Kama plagini imeangusha tovuti, kwa kawaida habari zote zingali pale. Mwenye kufuta kwa haraka ndiye anaweza kuzipoteza kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kugusa kitu, inafaa kuchukua kopi ya faili zote na ya hifadhi ya data.

Hatua ya kwanza ni kufungua barua pepe ya msimamizi wa tovuti. Tangu toleo 5.2 la mwaka 2019, WordPress inaweza kumtumia barua yenye kutaja plagini iliyoleta kosa, pamoja na kiungo cha kuingia kwa njia ya pekee. Kiungo hicho kwa kawaida kinatumika kwa siku moja. Kwa msimamizi aliyeingia kwa njia hiyo, plagini mbaya imesimamishwa; kwa wasomaji, tovuti ingali imeanguka mpaka yeye aizime kabisa.

Kama barua haikufika, inaomba kuingia kwenye seva kupitia meneja wa faili wa kampuni inayohifadhi tovuti. Ndani ya dosie wp-content kuna dosie plugins. Ibadilishe jina, kwa mfano plugins-zamani. WordPress haitaona tena plagini hata moja. Kama tovuti inarudi, mwizi yuko ndani ya dosie hiyo.

Kisha ingia kwenye tovuti kama msimamizi na ufungue ukurasa wa Extensions. Hatua hii wengi wanairuka, lakini ndipo WordPress inaandika kwamba plagini zote zimezimwa. Baadaye rudisha jina la zamani la dosie, na uwashe plagini moja moja. Kila mara, fungua tovuti uone kama iko sawa. Ile inayoangusha tovuti ndiyo yenye shida, ao haipatani na ingine iliyowashwa mbele yake.

Kuna pia njia ya kusoma kosa lenyewe. Kwenye faili wp-config.php, weka WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG kuwa true, na WP_DEBUG_DISPLAY kuwa false ili wasomaji wasione makosa. Fungua tovuti tena, kiisha soma faili debug.log ndani ya wp-content. Tafuta mstari wenye maneno Fatal error: mara nyingi unataja njia ya faili na jina la plagini. Kama unasema memory size exhausted, kumbukumbu haikutosha, na inafaa kuomba kampuni iongeze. Kazi ikiisha, rudisha false na ufute faili hiyo, juu watu wa nje wanaweza kuisoma.

Kama plagini zote zimezimwa na kosa lingali pale, angalia faili .htaccess. Plagini za ulinzi na za kuharakisha tovuti huandika amri ndani yake, na amri hizo zinaweza kubaki hata plagini ikizimwa. Ibadilishe jina, ujaribu tena.

Ufunguo uko kwa nani?

Hatua hizi zote zinaomba kitu kimoja: neno la siri la seva. Kwenye radio nyingi ndogo, linajulikana na mtu mmoja. Mtu huyo akisafiri, akihama kazi ao akikimbia mji, tovuti inakuwa nyumba iliyofungwa na wenyewe wako inje. Barua pepe ya msimamizi nayo inaweza kuwa ya kijana aliyejitolea miaka mitatu iliyopita, ambaye hasomi tena barua hizo.

Radio inapashwa kuhakikisha watu wawili wanajua pahali ufunguo unachungwa, kopi ya tovuti inabaki nje ya seva, na plagini zisizotumika zinaondolewa. Toleo jipya liwekwe asubuhi, moja kwa wakati, wakati kuna mtu wa kuangalia. Kukataa matoleo mapya kabisa si dawa, juu plagini ya zamani inafungulia wezi wa mtandao mlango.

Na wakati tovuti imelala, tangazo la chakula lisingojee fundi. Lisomwe hewani, tena na tena, mpaka ukurasa urudi.