Fahamu: Kivinjari kinachofunguka moja kwa moja katika hali ya faragha
Kompyuta moja ya steshenari pale Kayanga au Nkwenda hupokea wengi: huyu anaomba mkopo wa masomo HESLB, yule anajaza maombi ya kazi Ajira Portal. Asiyetoka kwenye akaunti yake humwachia anayefuata ikiwa wazi.

Kinga ni rahisi. Kwenye Windows, mwenye duka abofye kulia alama ya Chrome, achague Properties, kisha mwishoni mwa kisanduku cha Target, nje ya alama za nukuu, aache nafasi na kuandika --incognito, ili kivinjari kifunguke katika hali ya faragha. Firefox hutumia -private-window.

Madirisha yote ya faragha yakifungwa, historia na vidakuzi hufutika. PDF iliyopakuliwa hubaki, na mara nyingi ndiyo yenye namba ya kitambulisho cha NIDA! Tovuti nazo bado hukuona: mwaka 2024, kufuatia kesi Marekani, Google ilikubali kufuta data ilizokusanya za watumiaji wa hali ya faragha.